Kuitazama Gunkanjima Kutoka Bara: Usimame Wapi, Saa Ngapi na kwa Kifaa Gani

Anayefika Nagasaki, Japani, kwa ajili ya Hashima, kisiwa cha mgodi wa makaa kilichohamwa na kinachojulikana zaidi kama Gunkanjima, huambiwa jambo moja na kila mtu: nunua tiketi ya boti. Ushauri si mbaya, ila boti ina mwenyewe, naye ni bahari. Kwa kanuni za Jiji la Nagasaki, abiria hawateremshwi kisiwani upepo ukizidi mita 5 kwa sekunde, mawimbi yakizidi nusu mita, au upeo wa kuona ukishuka hadi mita 500. Upepo wa mita 5 kwa sekunde si dhoruba. Ni upepo wa kuchezesha matawi madogo tu, na bahari ile iko wazi upande wa magharibi. Siku boti ikishindwa kukaa gatini, huzunguka kisiwa kisha hurudi mjini. Tena hata ukibahatika kuteremka, unaongozwa kwenye njia ya mita 230 hivi upande wa kusini, chini kabisa ya magofu, na ukiwa pale kuna kitu kimoja usichokiona: kisiwa chenyewe.

Jina la Gunkanjima, yaani Kisiwa cha Manowari, lilitokana na kufanana kwake na Tosa, manowari iliyoundwa kwenye viwanda vya Mitsubishi mjini Nagasaki na kushushwa majini mwaka 1921. Umbo hilo huonekana kwa mbali. Ufukwe wa magharibi wa rasi ya Nagasaki, ambayo wengi huiita rasi ya Nomo, unakupa umbali huo bure, bila kanuni ya mawimbi. Tathmini hii inahusu ufukwe huo, kando ya barabara ya taifa nambari 499 inayoshuka kutoka mjini hadi Nomozaki, kusini mwa rasi.

Kwanza ujue unachotazama. Hashima ina urefu wa mita 480 kutoka kaskazini hadi kusini, upana wa mita 160, na eneo la hekta 6.3. Sehemu kubwa ni ardhi iliyoongezwa kwa mawe ya mgodi kuzunguka mwamba wa asili, ikazungushiwa ukuta wa bahari. Mitsubishi ilikinunua mwaka 1890 kwa ajili ya makaa ya mawe yaliyo chini ya bahari. Mwaka 1916 lilijengwa jengo namba 30, la ghorofa saba, linalohesabiwa kuwa jengo la kwanza la makazi nchini Japani la zege lenye nondo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watu zaidi ya 5,200 waliishi hapo. Mgodi ulifungwa Januari 1974, na kufikia tarehe 20 Aprili mwaka huohuo wakazi wote walikuwa wameondoka. Wageni walianza kuruhusiwa kuteremka Aprili 2009, na mwaka 2015 kisiwa kiliingizwa kwenye Urithi wa Dunia pamoja na maeneo mengine ya viwanda vya enzi ya Meiji (1868–1912).

Sasa kasoro kubwa ya kutazama kutoka bara, tuiseme mapema ili usije ukalalamika ufukweni. Mgodi uliwekwa upande wa mashariki, na nyumba nyingi za wafanyakazi zikapangwa magharibi, zikipokea upepo wa bahari kuu. Bara liko mashariki. Kwa hiyo unachokipata ni upande wa kazi: nguzo za mkanda wa kusafirishia makaa zilizopangana karibu na maji, mabaki ya mitambo, na nyuma yake mgongo wa mwamba unaoficha sehemu kubwa ya makazi. Juu ya mgongo huo utaona jengo namba 3, lililokuwa la wakubwa wa kampuni, na mnara mweupe wa taa. Mnara huo watu wa mgodi hawakuwa nao. Uliwekwa mwaka 1975, baada ya taa za nyumba kuzimika na mabaharia kukosa alama ya usiku. Ncha ya kaskazini ndiyo yenye faida zaidi kwa mtazamaji wa bara: shule ya ghorofa saba na, kando yake, jengo namba 65, kubwa kuliko yote, hujitokeza wazi kwa darubini ya kawaida. Lakini kama shida yako ni kuliona jengo namba 30, ambalo linazidi kuporomoka, nunua tiketi ya boti, maana kutoka barabarani halikufai.

Kosa la kawaida hutokea kabla mtu hajafika popote. Ukishuka na barabara 499 kutoka mjini, kisiwa cha kwanza kikubwa kinachotokea ni Takashima, nacho kina majengo marefu ya ghorofa. Watu husimamisha gari, hupiga picha thelathini, huondoka wameridhika. Takashima ilikuwa na mgodi pia, uliofungwa mwaka 1986, lakini watu bado wanaishi humo. Baada yake kuna Nakanoshima, mwamba usio na nyumba, ambako watu wa Hashima walikuwa wakichomea maiti zao kwa kuwa kwao hapakuwa na nafasi. Hashima ndiyo ya mwisho kuelekea kusini. Alama yake ni ukuta: kisiwa hakina ufukwe wala mteremko wa kuingia majini, kinasimama wima kama kilichokatwa kwa msumeno.

Kwa basi, panda la kwenda Kabashima kutoka kituo cha Nagasaki. Safari ya hadi Nomozaki ni kama saa moja. Kaa kulia, maana ukielekea kusini bahari iko kulia. Unapopanda chukua karatasi yenye namba; ubao wa mbele utaonyesha nauli ya namba yako, nawe unalipa unaposhuka. Kuwa na sarafu na noti za yeni 1,000, kwa sababu mashine ya kuchenji haina habari na noti kubwa.

Gari ni bora, kwa sharti moja linalowakwamisha wageni wengi: Japani inakubali leseni ya kimataifa iliyotolewa kwa Mkataba wa Geneva wa 1949 tu. Leseni iliyotolewa kwa mkataba wa Vienna wa 1968 haitakusaidia, hata kama kijitabu kinafanana. Hakiki kwa mamlaka ya nchi yako kabla ya kulipia gari. Jambo la pili ni upande wa barabara. Japani huendesha kushoto kama Tanzania na Kenya, kwa hiyo ukishuka kusini bahari iko ng'ambo ya njia ya magari yanayokuja. Usijaribu kukata njia kuingia kila upenyo wa maegesho, kwani kona ni nyingi. Nenda moja kwa moja hadi mwisho, kisha simama sehemu zote wakati wa kurudi kaskazini, ambapo upande wa bahari ni wako.

Ufukwe wa Takahama ndio chaguo letu la kwanza, tena bila mshindani. Hapa kisiwa kiko umbali wa kilomita 4.5 hivi, pungufu kidogo ya umbali wa Changuu kutoka Forodhani, na kinaonekana kwa ubavu karibu urefu wake wote. Mchanga ni mweupe, mbele hakuna nyaya wala nguzo, na unaweza kutembea mamia ya mita ukibadilisha pembe bila kurudi kwenye gari. Ubaya wake ni Julai na Agosti, msimu wa kuogelea: maegesho hujaa na picha yako itakuwa na miavuli ya rangi zote. Nje ya miezi hiyo ufukwe ni mtupu.

Takahama pia ndipo mlango wa bahari unapoeleweka kwa macho. Wakati wa vita, Wakorea na Wachina walilazimishwa kufanya kazi kwenye mgodi ule, na wako waliojaribu kutoroka kwa kuogelea kuja upande huu. Mwaka 2021 Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza masikitiko makubwa kwamba Japani haijalieleza jambo hili ipasavyo kwa wageni. Ukisimama mchangani siku yenye mkondo na upepo, ukayapima maji yale kwa jicho, unaelewa jambo ambalo mabango ya utalii hulipita haraka haraka.

Kuhusu mwanga, kanuni ni rahisi. Kutoka ufukwe huu unatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni kwako na linaangaza uso wa majengo. Mchana na jioni jua liko nyuma ya kisiwa na majengo yanageuka kivuli kimoja. Anayetaka madirisha na nguzo aje asubuhi. Anayetaka manowari aje jioni. Anayekuja saa nane mchana hapati hiki wala kile, na saa hiyo ndiyo magari ya kukodi huwa mengi zaidi.

Picha inayotafutwa na wengi ni ya jua likizama nyuma ya kisiwa, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa hudhani kuna sehemu moja maalumu ya kusimama. Hakuna. Kwa latitudo ya Nagasaki, jua huzama kwenye nyuzi 242 hivi katikati ya Desemba, na kwenye nyuzi 298 hivi katikati ya Juni, ukipima kutoka kaskazini kwa mzunguko wa saa. Sehemu ya kusimama lazima ihame kinyume chake: majira ya baridi uwe kaskazini zaidi ya kisiwa, majira ya joto uwe kusini zaidi. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua huzama magharibi halisi, na sehemu inayofaa ni Takahama na kaskazini yake kidogo. Siku hizo jua husogea karibu nusu uzi kila jioni. Kwa kuwa kisiwa chote, kutoka umbali huu, kina upana wa nyuzi 6, mtu asiyehama ana siku kumi na mbili hivi tangu jua liguse ncha moja hadi nyingine. Ukitaka kulirudisha nyuma ya mnara wa taa kesho yake, hama mita 40 hivi: Machi kuelekea kusini, Septemba kuelekea kaskazini. Desemba na Juni, kinyume chake, jua halisogei sana kwa wiki kadhaa, hivyo jioni yenye mawingu si hasara kubwa. Utarudi kesho mahali palepale.

Fanya hesabu hii kabla ya safari. Chora mstari kwenye ramani ya simu kutoka mahali unapokusudia kusimama hadi katikati ya kisiwa, soma nyuzi zake, kisha linganisha na nyuzi za machweo ya tarehe yako. Ukitumia dira, hakikisha inaonyesha kaskazini halisi. Sumaku eneo la Nagasaki hukosea kwa nyuzi 7 hivi kuelekea magharibi, na kosa hilo ni kubwa kuliko kisiwa kizima. Wanaofika wakakuta jua linazama kwenye maji matupu kando ya kisiwa, mara nyingi wameangushwa na dira, si na tarehe.

Kusini zaidi, eneo la Tanoko, kuna Jumba la Dinosaria la Nagasaki lililofunguliwa Oktoba 2021, bustani ya kilima cha maua ya narisisi, na Jumba la Kumbukumbu la Gunkanjima la jiji, vyote mahali pamoja. Kwa familia yenye watoto hapa panashinda Takahama, hilo hatubishani: kuna vyoo, kivuli, maegesho, na mtoto aliyechoka na magofu ana mifupa ya kutazama. Kwa mtazamaji makini pana upungufu. Kisiwa kiko kaskazini-kaskazini-magharibi ya hapa, kwa hiyo unakiona kwa mshazari, kimefupika, na ile sura ya manowari imepungua. Kwa sababu hiyohiyo jua haliwezi kuzama nyuma yake hapa siku yoyote ya mwaka, japo utawaona watu wakisubiri. Faida ya mwelekeo huo ni kwamba mwanga hukaa upande mzuri kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, muda mrefu kuliko Takahama. Januari, narisisi zikichanua, unaweza kuweka maua mbele na kisiwa nyuma. Tumia lenzi ya milimita 100 hadi 200 ukiwa umerudi nyuma kidogo na maua, kwa sababu lenzi pana hufanya kisiwa kiwe kama punje nyuma ya bustani.

Jumba la kumbukumbu ni dogo, na kiingilio cha yeni 200 kwa mtu mzima kinafaa. Pitia humo kwanza, uangalie picha za zamani na mpangilio wa majengo, ndipo utoke nje kutazama. Darubini bila ramani ya majengo ni kuhesabu matundu tu. Angalia usilichanganye na Gunkanjima Digital Museum, ambalo ni la watu binafsi na liko mjini karibu na kanisa la Oura. Ukiandika "Gunkanjima museum" kwenye simu unaweza kupelekwa huko, mwendo wa saa nzima kutoka unapotaka kwenda.

Mwisho wa rasi kuna mlima Gongen, wa mita 198, wenye bustani ya kutazamia juu. Zama za Edo (1603–1868) walinzi waliwekwa hapa kuvizia meli za kigeni zilizoelekea Nagasaki, na ukifika utaelewa kwa nini: unaona pande zote, kuanzia visiwa vya Goto hadi Amakusa hewa ikiwa safi. Ila wengi hupanda wakiamini kwamba wakiwa juu wataona ndani ya ukuta wa Hashima. Hesabu haikubali. Kisiwa kiko zaidi ya kilomita 5 kutoka hapa, na kutoka urefu wa mita 198 unakitazama kwa mteremko wa nyuzi 2 tu, karibu sawa na mtu aliye ufukweni. Isitoshe unakitazama kwa ncha yake ya kusini, kwa hiyo urefu wa mita 480 umekunjwa wote. Panda Gongen kwa ajili ya bahari na mpangilio wa visiwa: Hashima, Nakanoshima na Takashima vikifuatana. Usipande kwa ajili ya magofu.

Vifaa. Darubini ya 8x, yaani inayokuza mara nane, ndiyo tunayoipendekeza kwa wengi: inameza kisiwa kizima kwa mara moja, na mkono hautikisi picha sana. Ya 10x huonyesha madirisha vizuri zaidi lakini kisiwa hujaa hadi pembeni, na upepo wa ufukweni hukuchosha baada ya dakika chache. Kuanzia 20x, bila stendi ya miguu mitatu, usijisumbue. Kwa kamera yenye kihisi kikubwa cha milimita 36, lenzi ya milimita 300 hujaza fremu kwa kisiwa peke yake kutoka Takahama, ikibakiza ukingo mwembamba; kwa kamera zenye kihisi kidogo cha APS-C, 200 inatosha. Simu kwa lenzi yake ya kawaida itakifanya kisiwa kiwe sehemu moja ya kumi na nne hivi ya upana wa picha, na ya kukuza mara tano itakifikisha theluthi. Zaidi ya hapo simu inabuni tu. Droni si jawabu: sheria ya Japani inataka isajiliwe ikiwa na gramu 100 au zaidi na uione kwa macho muda wote, na kilomita 4.5 si umbali wa kuona droni.

Hewa huharibu picha nyingi kuliko kifaa. Kuanzia Machi hadi Mei vumbi la njano kutoka majangwa ya China na Mongolia hufika Kyushu, kisiwa kikuu ambamo Nagasaki imo, na kisiwa hugeuka kivuli cha kijivu hata jua likiwaka. Juni hadi katikati ya Julai ni mvua. Agosti na Septemba kuna vimbunga, lakini siku moja au mbili baada ya kimbunga kupita hewa huwa imeoshwa na kuona ni kuzuri kupita kiasi. Oktoba hadi Desemba ndiyo miezi ya kuaminika. Majira ya baridi upepo wa kaskazini-magharibi hurusha chembe za chumvi hadi barabarani. Hewa ni safi lakini kioo cha lenzi huchafuka kila dakika kumi. Beba kitambaa na maji kidogo yasiyo na chumvi, kwani ukifuta chumvi kavu utakwaruza kioo. Picha ikionekana kutetemeka ilhali kamera imetulia, si lenzi: ni hewa yenye joto tofauti juu ya maji. Kuongeza ukuzaji kutazidisha mtetemo. Rudi asubuhi mapema.

Wanaotaka ukaribu bila kutegemea ruhusa ya kuteremka Hashima wana njia ya tatu, ingawa si ya bara: feri ya kawaida ya kwenda Takashima kutoka bandari ya Nagasaki. Kutoka ncha ya kusini ya kisiwa hicho, Hashima iko kilomita 2.5 hivi tu, na ncha yake ya kaskazini yenye shule ndiyo inayokukabili. Feri nayo husimama bahari ikichafuka sana, lakini haihangaishwi na mawimbi ya nusu mita.

Ukiwa na siku moja tu na gari, ondoka mjini saa moja asubuhi, anza na Takahama mwanga ukiwa mgongoni, shuka Tanoko kwa jumba la kumbukumbu na chakula cha mchana, panda Gongen, kisha rudi kaskazini ukitafuta sehemu ya machweo uliyoihesabu. Kwa basi, acha Gongen. Jua huzama saa 11 na robo jioni katikati ya Desemba, na saa 1 na nusu usiku katikati ya Juni, na mabasi ya kurudi hupungua sana jioni. Piga picha ratiba ya kituo cha upande wa kaskazini unaposhuka, kabla ya kuelekea mchangani.